Kwa Nini Sikosi Ibada ya Jumapili

Siku hizi wanafunzi wa shule za upili huwauliza walimu wao swali moja kwa ujasiri mkubwa: Je, mtu aliyesoma, anayeona mambo yanayotendwa kwa jina la dini, bado ana sababu gani ya kwenda kanisani kila Jumapili? Swali hili ni la haki. Halipaswi kujibiwa kwa makaripio, wala anayeliuliza hapaswi kudhaniwa kuwa amepotoka. Linastahili sababu. Na kwa kuwa sababu za jambo kama hili haziwezi kutolewa kwa niaba ya mtu mwingine, nitatoa zangu, na kila msomaji azipime kwa mizani yake mwenyewe.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kati ya kila Wakenya 100, takriban 85 walijitambulisha kuwa Wakristo. Watu zaidi ya 700,000 walisema hawana dini yoyote. Takwimu hizi zatueleza jinsi watu walivyomjibu karani wa sensa. Hazituelezi ni nani aliyeamka Jumapili iliyofuata, akavaa, akatoka nyumbani. Walimu wanaielewa tofauti hii vizuri. Jina la mwanafunzi huweza kukaa katika daftari la usajili mwaka mzima, lakini ni daftari la mahudhurio linalomwambia mwalimu kama kweli ana mwanafunzi. Mada yangu leo ni mahudhurio, si usajili.

Hoja za wanaokataa kwenda kanisani si hafifu. Wapo wasemao kwamba Mungu yuko kila mahali, kwa hiyo sala ya chumbani yatosha. Wapo waliochoshwa na wanasiasa walioigeuza mimbari kuwa jukwaa la kampeni. Wapo pia wanaoukumbuka msitu wa Shakahola katika Kaunti ya Kilifi, ambako tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, watoto wakiwa miongoni mwao. Hao huuliza kama imani iliyoweza kuwafikisha binadamu huko yafaa kukaribiwa na mwenye akili timamu. Sizipuuzi hoja hizi, na nitazirejelea. Lakini kwanza nieleze yanayonipeleka.

Sababu yangu ya kwanza ni kwamba kanisani ndipo mahali pekee, katika wiki yangu yote, ninapoketi na watu ambao sikuwachagua, wala wao hawakunichagua mimi. Kazini twakutana na wenzetu wa taaluma moja. Nyumbani tuna jamaa zetu. Katika simu zetu tumejikusanyia wale wanaowaza kama sisi, na anayetuudhi twamfuta kwa kidole kimoja. Kwenye benchi la kanisa mambo ni mengine. Mjane auzaye mboga sokoni huketi kando ya mwenye duka. Karani wa benki hupokezwa kitabu cha nyimbo na kijana asiye na kazi. Mwalimu mkuu hutulia akasikiliza somo likisomwa na mwanafunzi wake wa kidato cha pili. Sisemi kwamba tofauti za kitabaka hukomea mlangoni. Viti vya mbele vingali na wenyewe katika makanisa mengi. Nasema tu kwamba kwa muda wa saa mbili tofauti hizo huaibishwa na maneno yanayosomwa mbele yetu sote.

Jambo hili si geni. Mnamo mwaka wa 155 hivi, Justin, mwanafalsafa aliyekuwa amekuwa Mkristo na kuishi mjini Roma, alimwandikia Kaisari Antoninus Pius kumweleza wanayoyafanya Wakristo siku ya Jumapili. Alieleza kwamba watu wa mjini na wa mashambani hukusanyika mahali pamoja, maandiko husomwa, kiongozi huwaasa wasikilizaji, kisha wote husimama wakaomba. Mkate na divai hutolewa, na wasiokuwepo hupelekewa sehemu yao na mashemasi. Wenye uwezo hutoa kadiri wapendavyo, na mchango huo huwafaa mayatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Anayeyasoma maelezo hayo leo, awe ni Mkatoliki wa Machakos au Mwanglikana wa Maseno, ataitambua ibada aliyohudhuria juzi. Kinachonigusa zaidi ni kule kutajwa kwa wasiokuwepo. Tangu mwanzo, kukusanyika kulikuwa pia njia ya kumjua aliyekosekana.

Katika kanisa letu yupo mama mmoja wa makamo ya ajuza ambaye kwa miaka mingi ameketi benchi la tatu, upande wa dirishani. Alipokosekana Jumapili mbili, wanawake wawili walifunga safari hadi kwake, wakamkuta anaugua homa, hana hata wa kumtekea maji. Hakuna aliyekuwa amewapasha habari. Nafasi tupu kwenye benchi ndiyo iliyowaita. Hapa ndipo ilipo faida ya mahudhurio ya daima ambayo hatuizungumzii vya kutosha: mtu ahudhuriaye kila mara akikosekana, kutokuwepo kwake kuna maana. Ajaye apendapo, akikosekana hapana anayetambua, maana hata akiugua watu hudhani ni desturi yake. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliuona ukweli huu walipozipa jumuiya ndogo ndogo za kikristo kipaumbele mwaka 1976, ili waumini wa mtaa mmoja wakutane nyumbani kwa zamu na kujuana kwa majina. Jifya moja haliinjiki chungu, na mafiga yasipokaribiana chungu hakikai.

Sababu ya pili yahusu nidhamu. Watu wengi hudhani kwamba mtu huenda kanisani kwa kuwa moyo wake umejaa imani, na kwamba siku moyo unapokuwa mkavu, kwenda ni unafiki. Sikubaliani nao. Mkulima hapalilii shamba siku zile tu anapolionea shauku. Mwanafunzi hasubiri kuipenda hesabu ndipo aingie darasani. Huingia, na pengine upendo humkuta humo humo. Mimi huenda kanisani Jumapili ninapojisikia kwenda, na huenda Jumapili nisipojisikia kabisa, na ni hizi za pili ambazo zimenijenga. Siku ambayo sina maneno ya kumwambia Mungu, nakuta wenzangu wanayo, na sala yao yanibeba. Siku yangu ya nguvu ikifika, nami nambeba mwingine bila kujua ni nani. Somo hili nimelipata pia kutoka kwa ndugu zetu Waislamu. Anayefanya kazi na mwalimu Mwislamu aliyeshika dini yake humwona akiondoka kwa utulivu katika chumba cha walimu saa ya sala ifikapo, awe amechoka au hajachoka, na kurejea kazini bila kujigamba. Ibada yake haisubiri hisia.

Historia ya bara letu ina ushahidi mzito juu ya jambo hili. Mwaka 304, wakati Kaisari Diocletian alipokuwa amepiga marufuku mikutano ya Wakristo, watu 49 wa mji mdogo wa Abitinae, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, walikamatwa kwa kosa la kukusanyika kwa ibada ya Jumapili. Walipelekwa Carthage wakahojiwa na kuteswa. Emeritus, ambaye mkutano ulifanyika nyumbani kwake, aliulizwa kwa nini alivunja amri ya Kaisari kwa kuwapokea. Jibu lake lilikuwa kwamba hao ni ndugu zake, na kwamba bila ibada hiyo hawawezi kuishi. Hawakuwa maaskofu wakubwa, na wengi wao ni watu ambao historia haijui juu yao ila majina. Nawakumbuka kila ninaposikia kwamba kanisa ni jambo tulilopokea kutoka Ulaya juzi, na kwamba Mwafrika hana lake humo. Waafrika wa kaskazini walishateseka kwa ajili ya Jumapili karne nyingi kabla ya mmisionari yeyote kukanyaga Mombasa.

Sisi nasi tulionjeshwa kwa muda ukosefu wa ibada, ingawa kwa sababu tofauti kabisa. Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini, nyumba za ibada zilifungwa ili kuokoa maisha, na hatua hiyo ilikuwa ya busara. Zilipofunguliwa tena Julai mwaka huo, ibada haikuruhusiwa kuzidi saa moja wala watu 100, na waliokuwa na umri wa chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 walitakiwa wabaki nyumbani. Katika miezi hiyo mahubiri yalitufikia kwa redio, televisheni na simu, na mengine yalikuwa bora kuliko tuliyoyazoea. Hata hivyo, kulikuwa na mambo ambayo hayakupita katika mitambo. Meza ya Bwana haikupita. Mkono wa mwenzako haukupita. Sauti ya watu wengi wakiimba pamoja, baadhi yao nje ya ufunguo, haikupita. Zaidi ya yote, mhubiri wa simuni waweza kumzima anapoligusa donda lako. Yule wa kanisani lazima umsikilize hadi mwisho, na jirani yako akuona ukisikiliza. Tangu wakati huo wengi hawajarudi, kwa kuwa wameona kwamba kochi ni laini kuliko benchi. Nawaelewa, lakini nadhani wamebadilishana chakula kwa harufu yake.

Sababu ya tatu yawahusu walimu na wanafunzi kwa karibu, nayo ni lugha na elimu. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na pamoja na mwenzake Johannes Rebmann wakaanzisha kituo Rabai. Kazi ya kuhubiri ilimlazimu ajifunze lugha, na kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Shule ya Maseno ilianzishwa na wamisionari mwaka 1906, nayo Alliance mwaka 1926 kwa ushirikiano wa misheni za Kiprotestanti. Haya yajulikana. Yasiyotajwa sana ni kwamba kwa maelfu ya watoto wetu, mara ya kwanza kusimama mbele ya umati na kusoma Kiswahili sanifu kwa sauti ilikuwa kanisani, mkononi wakiwa na Biblia ya tafsiri ya mwaka 1952 ambayo ingali ikisomwa hadi leo. Humo walikutana na msamiati mzito na sentensi ndefu zenye mizani, wakajifunza kutua panapostahili. Mwalimu wa fasihi simulizi amtumaye mwanafunzi kutafuta mifano ya mafumbo, methali, nyimbo na masimulizi yanayotendwa mbele ya hadhira hai, angeweza kumtuma kanisani Jumapili yoyote.

Najua jibu litakalotolewa: kwamba wamisionari hao hao walizidharau mila zetu, na kwamba kwenda kanisani ni kuendeleza utumwa wa kifikira. Kuwa walizidharau ni kweli, wala haifai kufichwa. Lakini tazameni yaliyotokea hapa kwetu Ukikuyu mwaka 1929, mzozo wa tohara ya wasichana ulipowatenga waumini wengi na misheni. Wengi wa waliotoka hawakuacha elimu, na hawakuacha ibada. Walianzisha shule zao huru na makanisa yao huru, wakaendelea kukusanyika Jumapili chini ya viongozi wao wenyewe. Kabla ya hapo, Johana Owalo alikuwa ameanzisha kanisa la Nomiya huko Nyanza. Lolote tulifikirialo kuhusu mzozo ule, watu hao walitenganisha ibada na mwenye kuileta. Walijua kwamba ukigombana na aliyekuonyesha kisima, huna haja ya kugombana na maji.

Sababu ya nne ni dhamiri, ya mtu binafsi na ya taifa. Ibada huniketisha mara moja kwa wiki mahali ambapo sina cheo, nikakiri pamoja na wengine kwamba nimetenda nisiyopaswa kutenda na kuacha niliyopaswa. Sijui mahali pengine katika maisha yetu ya umma ambapo waziri na mchunga mbuzi hutakiwa kuyatamka maneno hayo hayo kwa pamoja. Na dhamiri iliyozoezwa hivyo imewahi kulifaa taifa. Kasisi Timothy Njoya aliutilia shaka mfumo wa chama kimoja katika mahubiri ya Mwaka Mpya wa 1990, wakati ambapo wengi waliogopa hata kunong'ona. Askofu Alexander Muge alikufa katika ajali ya barabarani tarehe 14 Agosti 1990 akitoka Busia, baada ya waziri mmoja kumwonya hadharani asikanyage huko. Maaskofu Henry Okullu na David Gitari hawakunyamaza. Julai 7, 1997, waliokuwa wakidai mageuzi walikimbilia Kanisa Kuu la All Saints jijini Nairobi, na polisi wakawafuata hadi ndani. Sauti hizo hazikutoka hewani. Nyuma yake kulikuwa na waumini wa kawaida waliojaza mabenchi kila wiki. Mhubiri asiye na waumini ni mtu mmoja tu, na mtu mmoja ni rahisi kunyamazishwa.

Hapa sasa nazirejelea hoja nilizoziahidi. Ni kweli kwamba makanisa mengi yaliiuza heshima hiyo. Mwanasiasa alikaribishwa mbele, akashangiliwa, akaacha fedha zisizoulizwa zilikotoka, huku mzee aliyetoa shilingi kumi akikosa hata wa kumsalimu. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana aliwazuia wanasiasa kuhutubia ibadani. Vijana waliojitokeza barabarani mwezi Juni 2024 waliyalaumu makanisa waziwazi kwa urafiki wake na wakuu. Novemba mwaka huo Jimbo Kuu la Kikatoliki la Nairobi likakataa mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na Rais katika kanisa moja la Soweto. Hatua hizo zilitokana na manung'uniko ya waumini waliokuwa wangali ndani. Hebu tujiulize: iwapo wote wanaochukizwa na fedha hizo wataondoka, ni nani atakayebaki kanisani isipokuwa mtoaji na mpokeaji? Nyumba ikivuja, mwenye nyumba hupanda paani. Anayehamia kwa jirani hana tena neno juu ya mabati.

Kuhusu Shakahola, nasema kwa uzito unaostahili wafu wale. Kesi zilizotokana na maafa hayo ni za mahakama, na sitaingilia kazi yake. Ila kila mwalimu na afahamu dalili zilizoripotiwa: watu walitengwa na jamaa zao, wakapelekwa msituni, wakafundishwa kuiona shule na hospitali kuwa ni maovu. Mkusanyiko wa namna hiyo ni kinyume cha kusanyiko ninalolitetea. Mwanafunzi anayetafuta pa kuabudu na aulize maswali machache. Je, milango iko wazi kwa yeyote? Je, wazee wa kanisa huchaguliwa, na hesabu za fedha husomwa mbele ya wote katika mkutano wa mwaka? Je, mhubiri anaweza kuulizwa, na akahamishwa? Je, mgonjwa akienda hospitalini huombewa au husutwa? Panapojibiwa hapana, na aondoke upesi, hata kama nyimbo za hapo ni tamu kama asali.

Na kwa walimu wenzangu nina neno. Tusilazimishe. Katiba ya 2010 yasema taifa hili halina dini rasmi, na yampa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa kuabudu. Mtoto anayesukumwa kanisani kwa kiboko hujifunza kukichukia kiboko na kanisa pamoja. Kazi yetu ni kuwa na sababu zinazoeleweka, kuzisema tunapoulizwa, na kuzithibitisha kwa mwenendo wetu kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Mwalimu asiyekosa ibada lakini anayekosa vipindi vyake hana la kumwambia mwanafunzi kuhusu mahudhurio.

Hizo ndizo sababu zangu. Hazina muujiza ndani yake. Sijawahi kuona kiwete akitupa magongo katika kanisa letu, na mahubiri mengine, tuseme ukweli, ni marefu kuliko yalivyo mazito. Lakini nimeona watu wakipatanishwa ambao mahakama ilishindwa nao, na nimeona maiti ya maskini ikisindikizwa na umati ambao pesa haziwezi kuununua. Haba na haba hujaza kibaba. Jumapili moja ni kidogo mno, ila Jumapili za miaka thelathini hujenga watu wanaojua kubebana. Kijana anayeuliza kwa nini twaenda, na aje mara kadhaa mfululizo, aketi nyuma akipenda, asikilize kwa masikio ya mwanafunzi mkali. Kisha atupe hukumu yake, nasi tutamsikiliza.